Kurasa Tatu za Hidaya

Kila alipotoka shule, Hidaya alipitia kisimani, akatua ndoo uani, kisha akaketi kando ya shangazi yake Binti, mfinyanzi anayejulikana soko zima la Kasongo. Mwalimu Marcellin alikuwa ametoa kazi ya sanaa: kila mmoja atengeneze kitu kwa mikono yake, na katika kaye, yaani daftari, aonyeshe wazo lake lilivyokua siku kwa siku. Wawili watakaoshinda wangekwenda kwenye maonyesho Salamabila. Huko ndiko baba yake Hidaya alikokuwa akichimba dhahabu, na huu ulikuwa mwezi wa nane hajarudi. Hidaya alishamtumia habari kwa mtu wa pikipiki: baba, uningoje.

Alifinyanga chungu. Kikapasuka motoni. Cha pili kikapasuka, na cha tatu pia. Kila mara alichora ule ufa na kuandika sababu. Shangazi hakumpa pole. Alivitwanga vigae, akachanganya unga wake na udongo mpya.

"Udongo mutupu hauwezi moto," alisema. "Hivi vilivyokufa ndivyo vitashikilia kingine."

Naomie, aliyeketi karibu naye darasani, akaifunua ile kaye. "Hii iko kaye ama matanga? Kila ukurasa maiti."

Darasa likacheka. Jioni hiyo Hidaya akachana zile kurasa tatu, akawashia nazo moto wa chungu cha nne. Kikatoka kizima, chekundu, kinalia ukikigonga. Basi akaandika upya, kwa mwandiko safi: "Nimefinyanga mara moja. Hakikupasuka."

Mwalimu alikigeuza chungu, akaparuza kitako kwa ukucha.

"Chenga hizi ni za vigae. Aliyefinyanga hiki alivunja vingine kwanza. Weye umeandika hujavunja hata kimoja. Sasa hii iko chungu ya nani?"

"Yangu, Mwalimu."

"Kurasa ziko wapi?"

"Nilizichoma."

Shangazi akaitwa, akaapa kwamba ni kazi ya Hidaya. Mwalimu akashusha pumzi. "Mimi nawaamini. Lakini kule Salamabila watasoma kaye, hawatasoma moyo wangu."

Mahali pa Hidaya akaenda Naomie, na kikapu chake kilichopinda na kaye yenye madoa ya mawese, makosa yake yote ndani.

Aliporudi, hakumtazama Hidaya usoni. "Baba yako alikuja. Alizunguka meza mara mbili, anasoma majina."

Kesho yake Hidaya alifungua kaye mpya, akachora nyufa tatu kwa kukumbuka, akampelekea Mwalimu. Naye akatia sahihi.

"Ulichoma mashahidi wako," alisema. "Mutu akificha makosa yake, anaficha na jasho lake, na hakuna atakayejua kwamba alifanya kazi. Toka leo, ukikosea, andika."

Chungu kiko uani mpaka sasa, na maji yake ni baridi. Baba bado hajayanywa.