Kompyuta Chini ya Kitambaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tuhfa alifagia ua, akachemsha chai, kisha akaifuta vumbi kompyuta ya baba yake. Alikiondoa kitambaa cheupe cha kufuma, akapitisha tambara kwenye skrini na kibodi, akakirudisha kitambaa kama kilivyokuwa. Hakuiwasha. Tangu itolewe kwenye boksi haikuwahi kuwaka, na katika mtaa mzima wa Usagara waliojua hilo walikuwa yeye na baba yake tu. Mama alikuwa Pangani akimuuguza bibi, na hata yeye alikuwa ameandikiwa kwamba mashine ni nzima.

Mwanzoni Tuhfa alilia. Sasa alikuwa halii tena. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: upo, lakini hausemi kitu.

Baba yake, Mzee Idarusi, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha katani hadi siku kilipotiwa kufuli. Wakubwa walisema hayo ni mageuzi, watu wavumilie. Wao wenyewe hawakuonekana wakivumilia. Watu wa Tanga hawasahau. Wanaikumbuka miaka ya foleni, sabuni ikigawiwa kipande kipande, wakidhani hakuna shida kubwa kuliko uhaba. Kisha milango ikafunguliwa, vitu vikamwagika kama mvua ya masika. Redio, friji na mashine zilizochokwa na wenyewe huko ng'ambo zilishushwa bandarini zikaitwa mali mpya. Vitu vikajaa, kazi zikaisha. Kiinua mgongo chake chote Idarusi alikipeleka kwenye duka la Bwana Uweso, akanunua kompyuta ili afungue chumba cha kupiga chapa.

Dukani aliiona kompyuta ikiwaka, maandishi yakijipanga kwenye skrini. Lakini aliyopewa ilikuwa nyingine, ndani ya boksi lililofungwa. "Pacha wake huyo, mzee wangu," alisema Uweso.

Nyumbani majirani walikuja, dua ikasomwa, ubwabwa ukaliwa. Walipoondoka, Idarusi akachomeka waya. Kimya. Aliporudi dukani, Uweso alimcheka mbele ya wateja wasiomjua.

"Umeiunguza mwenyewe! Hii si mashine ya katani, mzee. Kompyuta haimtaki mshamba."

Maneno hayo yalimfunga Idarusi mdomo. "Ya ndani hayatoki nje," alimwambia binti yake. "Watu wamekula ubwabwa wangu. Nitawaambia nini?"

Jioni moja ikasikika sauti mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwamvua alikuwa muuza vitumbua na mwenyekiti wa chama cha kina mama wa mtaa. "Baba yuko wapi?"

"Yuko msikitini."

"Basi wewe utanitosha. Kesho chama tunakwenda kwa Uweso kununua kompyuta. Wenzangu wananicheka, eti Mwamvua na karai lako, kompyuta utaijulia wapi? Nikawaambia, aliyetutangulia kununua ni Idarusi, nitamuuliza. Nimemuuliza, kasema ni nzuri. Lakini siku hizi akisema nami anatazama ukuta. Hebu iwashe, uniandikie jina langu nilione."

Tuhfa aliitazama mikono ya Bi Mwamvua, yenye mabaka ya mafuta ya moto. Pesa za chama zilitoka kwenye mikono ile na mingine kama ile. Akisema kweli, atamvua baba yake nguo mbele ya watu. Akinyamaza, kina mama watakwenda kesho kununua kimya kama chao.

"Haiwaki," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya vipindi.

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo, Bi Mwamvua. Haijawaka hata siku moja."

"Tuhfa!"

Idarusi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Tuhfa alingoja kuogopa, lakini hata woga haukuja.

"Usimfokee mtoto," alisema Bi Mwamvua. "Kweli, Idarusi, ungeniacha niende?"

Idarusi akakaa kitako mkekani. "Kosa ni langu. Niliiunguza mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Uweso."

"Loo! Mwizi ndiye hakimu?" Bi Mwamvua akajifunga kanga kiunoni. "Na Mwalimu Ernesti, yule wa masomo ya jioni, si alinunua hapohapo? Mbona wanafunzi wake hawajaiona, kila siku anasema anamngoja fundi kutoka Dar? Twende."

Mwalimu Ernesti aliwapokea kwa maneno mengi. Bi Mwamvua alipofunua shuka lililoifunika mashine yake, maneno yakamwishia. Naye aliambiwa haimtaki mshamba. Naye aliona haya kusema.

"Nimesoma mpaka chuo," alinong'ona. "Ningewezaje kusema?"

Kesho yake walizipakia mashine zote mbili kwenye mkokoteni. Bi Mwamvua alikaa kwenye kizingiti cha duka, mkoba wa chama magotini. Tuhfa alisimama nyuma ya baba yake.

"Mama, unanizibia wateja," alisema Uweso.

"Mteja ndiye mimi. Nataka boksi lile, lakini ulifungue hapa, uliwashe hapa."

"Aa, mali mpya haifunguliwi ovyo."

"Hata samaki namfunua shavu kabla sijamnunua, sembuse boksi?"

Watu wakacheka, na waliokuwa wanapita wakasimama. Kwa kuwa wote walimtazama, Uweso alilazimika kufungua boksi, akachomeka waya, akabonyeza. Kimya. Akaleta la pili. Kimya. Mwalimu Ernesti akazielekezea kidole mashine za mkokotenini.

"Na hizi zetu je?"

"Hizo mmeziunguza wenyewe!"

"Sawa," alisema Idarusi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kufungua kinywa. "Na hizi ulizofungua sasa hivi, nani kaziunguza?"

Kabla ya adhuhuri Uweso alikuwa amewarudishia Idarusi na Mwalimu pesa zao. Hakufanya hivyo kwa huruma. Mlango wake ulikuwa umejaa watu, na kila mmoja alikuwa na macho.

Njiani Tuhfa alijisikiliza ndani, akitafuta furaha. Hakuipata. Aliona tu uchovu, kama mtu aliyetua mzigo na mabega hayajajua bado.

"Tuhfa, nisikilize," alisema Bi Mwamvua. "Tumefundishwa stara, na stara ni jambo jema. Lakini stara ni kumfichia mwenzako aibu yake. Ukimfichia mwizi wizi wake, hujamsitiri mtu, umemshikia tochi. Uweso hakuwa na akili kutuzidi sisi. Alijua tu kwamba kila mmoja ataona haya peke yake, ndani kwake. Mtu ukiumizwa, sema, ili mwenzako asiumie."

Idarusi aliyasikia yote, wala hakumlaumu binti yake.

Siku chache baadaye, alipokuwa amekaa barazani, kijana mmoja kutoka Kigombe alisimama kumsalimu. Alikuwa akitafuta kompyuta ya ofisi yao, akauliza ni duka gani zuri.

Idarusi alimtazama usoni. "Kaa hapa, bwana mdogo," alisema. "Mimi nilinunua, nikaibiwa. Ngoja nikueleze walivyoniibia."