Koki Iliyofungwa kwa Waya

Fffff... fffff... Ilikuwa saa nane usiku, na feni ya hita ilikuwa ikizunguka ndani ya gari ambalo betri yake ilikuwa imelazwa chini ya kitanda chao. Mama Kifaranga aliisikia vizuri kabisa, maana ukuta wa chumba chao ndio ukuta wa gereji. Akamsukuma mumewe ubavuni.

"Baba Kifaranga. Gari linapumua."

"Upepo huo. Lala." Lakini mumewe, fundi wa magari, naye hakulala. Nje hata jani halikutikisika.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, jeupe, lenye taa za mviringo kama mtu aliyeshtuka. Majirani walilibatiza Bibi Harusi. Mwenye gari alilalamikia jambo moja tu, hita haitoi joto. Mchana ule fundi aliwasha injini, akashika mipira miwili ya kupitishia maji ya hita: mmoja unaunguza, mwingine baridi kama pua ya mbwa.

"Umeona?" alimwambia mkewe aliyemshikia tochi. "Maji ya moto yanafika hapa, hayavuki. Koki hii imegoma."

Koki ilikuwa ya shaba, ndogo kuliko ngumi, na mkono wake ulikuwa umezongwa waya, mafundo juu ya mafundo.

"Fundi gani mvivu huyu!" Fundi alicheka, akakata waya kwa koleo, akaichomoa. Kisha akafanya wanavyofanya mafundi wote, ambao huamini mapafu yao kuliko kipimo chochote: akaiweka mdomoni, akapuliza. Haikupitisha. Akapuliza tena kwa nguvu zake zote, na safari hii koki ndiyo iliyompulizia yeye. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, pumzi yake ikinuka sukari iliyoungua.

"Imezibuka," alisema, akijifuta mdomo.

Jioni, kama kawaida yake, akamlaza mwanawe wa miezi tisa, yule waliyemwita Kifaranga, akampulizia tumboni, prrrr! Mtoto akacheka. Kisha akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Na sasa, saa nane hii, mama alipapasa gizani akamshika mwanawe mkono wa kulia, ukamuunguza. Akashika wa kushoto, akauachia upesi, kwa sababu ulikuwa baridi, baridi ya kitu kisicho na damu, na kila feni ilipovuma kule gereji kifua cha mtoto kilipanda, na ilipotulia kilishuka, vikaenda pamoja hivyo mpaka alfajiri, naye amekaa kitandani anahesabu pumzi zisizo zake akiogopa hata kumeza mate.

Hospitali walipima damu, ikawa safi. Walimpa dawa ya homa wakamrudisha nyumbani. Siku ya tatu Kifaranga alikataa ziwa.

"Moto huku, baridi huku," mama alisema kwa sauti ya chini, akimsogezea mumewe vile viganja viwili. "Si ulinifundisha mwenyewe? Kuna kitu kimekaa katikati. Ule waya ulikuwa wa nini?"

Fundi aliingia gereji, akaokota vipande vya waya sakafuni. "Mafundo haya nayajua. Hakuna anayekunja ncha kwa ndani ila Mzee Spana."

"Mwalimu wako? Na ukasema mvivu?"

"Sikutazama, mke wangu. Nilikata tu."

Mama hakungoja zaidi. Alimfunga mtoto mgongoni, akakimbia na vile vipande mpaka kwa mzee, mgongo ukimuungua upande mmoja na kuganda upande wa pili. Mzee Spana alipouona waya hakuuliza hata habari za nyumbani. Alivaa viatu.

Waliporudi, gereji ilikuwa inanuka sukari iliyoungua.

"Ni kiumbe cha moto usio na moshi," mzee alinong'ona. "Hukaa penye joto, hutembea kwa pumzi. Umepuliza, si ndiyo? Ukampulizia na mtoto?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nirudie mimi, mwalimu. Nikitoe mimi."

"Kaa mbali! Aliyekifungulia mlango hakimtii. Binti yangu, ni wewe. Vuta mdomoni mwa mwanao, usimeze, usikohoe, puliza humu ndani ya koki. Ukimeza, nitawafunga wawili."

Mama aliweka midomo yake juu ya midomo ya mwanawe, akavuta, na kilichokuja hakikuwa pumzi ya mtoto, kilikuwa kinene na kitamu na cha moto, kikamkwangua ulimi kikitafuta njia ya koo, na feni ya gari lisilo na betri ikavuma mpaka vioo vikatetemeka, naye machozi yakimtiririka akaibana ile koki kwa meno, akapuliza, akapuliza, shaba ikimbabua midomo, mpaka mzee akapiga kelele "Tosha!" akaufunga mkono wa koki, akazungusha waya mpya, fundo juu ya fundo.

Feni ikasimama. Kisha Kifaranga akalia kilio cha njaa.

Mzee alimkabidhi mama ile koki. "Kaifiche. Peke yako."

"Mbona mimi mumewe nisijue?" fundi aliuliza.

"Kwa sababu wewe ni fundi. Fundi haoni kitu kimefungwa akakiacha. Mimi nilikifunga, nikajiuliza kama kweli kimo, nikakifungua nione. Nilimzika mwanangu wa pekee." Akamgeukia mama. "Apa."

Aliapa. Alikoipeleka hakusemwi hapa.

Siku ya kwanza fundi hakuuliza. Ya pili aliuliza kwa mzaha, mwenye gari anadai koki yake. Usiku wa tatu aliuliza akiwa usingizini, macho yamefumba, kwa sauti nyembamba ambayo mkewe hajawahi kuisikia: "Iko wapi, mama?"

Mama alimziba mumewe mdomo kwa kiganja. Kwa mkono wa pili akamvuta Kifaranga kifuani, akamnong'oneza sikioni:

"Simwambii mtu mwingine, mwanangu. Hata baba yako. Hata wewe ukikua ukaniuliza."