Kioo Kisichopenda Mwanga

"Nzi kwa Mzinga. Nimefungiwa."

Redio haikupenya kuta za chuma kufika Mzinga, makao makuu yake.

Jasusi Nzi alikuwa ndani ya chumba cha baridi cha maabara, pamoja na chupa za damu na shangazi yake. Bastola yake ilikuwa nje ya mlango, mkononi mwa mwizi aliyeitwa Dalali.

Nzi alitumwa kumlinda shangazi. Hadi sasa alikuwa amelinda barafu.

Shangazi, mtafiti, alitumia miaka mitatu kutafuta jeni inayopitisha sukari kutoka utumboni hadi kwenye damu. Iko kwenye kromosomu ipi? Asubuhi ile ilijionyesha chini ya darubini: nukta mbili za kijani, kwenye kipande kimoja cha kioo. Wateja wa Dalali wakikipata, wangeisajili kuwa yao, na kila mzazi ambaye mtoto wake anaharishwa na maziwa angewalipa wao kwa kipimo.

Dalali aligonga dirisha dogo la mlangoni. Alitaka kioo kilichokuwa mfukoni mwa shangazi, la sivyo angezidisha baridi mpaka wawe samaki.

"Mpe," shangazi alisema.

Nzi alimkumbusha kiapo, taifa na bendera. Alipofika kwenye bendera, meno yake yalikuwa yakigongana.

"Wewe mtoto, nimesema mpe."

Majasusi hufundishwa kustahimili mateso. Shangazi hayumo kwenye mtaala.

Kioo kikapita chini ya mlango, kimefungwa kwenye foili.

Dirishani, Nzi alimwona Dalali akikiweka chini ya darubini. Kromosomu kwake zilikuwa tambi zilizomwagika, lakini nukta alizipenda. Akampigia mnunuzi simu, akasubiri, taa ya darubini ikiwaka kwa nguvu zote.

Shangazi alikalia ndoo ya barafu, ametulia. Rangi ya zile nukta, alinong'ona, ikimulikwa sana hufa.

Mnunuzi alifika, akainama, akaona giza tupu.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Wakaingia wote wawili, wakidai kioo halisi.

Shangazi akainuka, Nzi akamwaga ndoo.

Barafu ikatapakaa. Dalali akaenda chini, mnunuzi juu yake, bastola ikateleza mpaka kwenye kiatu cha shangazi.

Nzi na shangazi wakatoka. Komeo likalia.

"Nzi kwa Mzinga. Wawili wako kwenye friji. Msije mbio."

Kisha, kwa sauti ndogo, akamuuliza shangazi kuhusu ile miaka mitatu ya kazi.

"Jeni haihami, mwanangu. Kesho nitaipaka rangi tena."

Nzi alishika njia ya ukumbini, mtulivu, wa kuogopwa, akiburuta mguu uliokufa ganzi.

"Funga koti."

Akafunga.