Dakika Arobaini na Tisa

Kipaanga, chombo cha abiria kirukacho juu kuliko ndege, kilichomoka Osaka, kikapanda hadi pale anga inapokuwa nyeusi mchana kweupe, kisha kikajiachia kuanguka upande wa Afrika. Kilomita elfu kumi na moja na mia tatu, dakika arobaini na tisa. Walipotua Dodoma, abiria wa kiti cha jirani alikuwa hajamaliza chai yake.

Mhandisi Nyemo Chilongani alikuwa miongoni mwa waliokibuni chombo hicho. Leo kilimleta kumzika mama yake. Mkononi alivaa kikuku cha kazi, nacho kilihesabu ruhusa yake: saa sita, kwenda na kurudi humo humo.

Baada ya mazishi alikaa mkekani na wafiwa wengine. Kaka yake Lameck, dereva wa lori, alikuwa ametoka Mpanda kwa barabara mbovu, na tajiri wake, kwa kuijua barabara ile, alimpa wiki nzima.

"Wewe unakaa mpaka lini?" Lameck alimuuliza.

"Mpaka saa kumi."

"Ya kesho kutwa?"

"Ya leo, kaka."

Shangazi Mbeleje, dada wa baba yao, aligeuka. "Binti wa marehemu aondoke matanga hayajaanuliwa? Kwani umekuja kuchukua moto?"

Nyemo alipandwa na hasira. Angeilaani kampuni, lakini ni yeye aliyesimama mkutanoni miaka mitano iliyopita akasema kumpa mfanyakazi siku za safari ni uvivu wa enzi za ndege za mafuta. Wakubwa walimpigia makofi, wakampandisha cheo, wakamwachia atunge kanuni ya ruhusa. Siku za msiba zikafyekwa pamoja na za safari, naye hakuzitetea. Wakati huo hakuwa amefiwa. Mjinga mkubwa!

Kikuku kikalia. Alikuwa Msimamizi, akili mnemba inayogawa ruhusa za wafanyakazi.

"Pole kwa msiba, mhandisi. Kipaanga chako kinaondoka baada ya dakika thelathini."

"Niongezee siku tatu."

"Kanuni hairuhusu."

"Kanuni nimeitunga mimi! Ifute!"

"Ombi la kubadili kanuni halipokewi kutoka kwa mtu aliyefiwa. Kifungu cha nne. Ulieleza kwamba mfiwa hana utulivu wa kuamua."

Lameck aliinamisha kichwa. Nyemo hakujua amtukane nani kwanza, mashine au yeye mwenyewe aliyeifundisha.

"Usipopanda," sauti iliendelea kwa upole uleule, "nafasi yako ya kazi atapewa mwingine kesho asubuhi. Nieleze sababu ya kuchelewa."

Nyemo alivua viatu, akavisukuma ukutani, akajinyoosha mkekani ubavuni mwa shangazi yake.

"Andika," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Andika kwamba Osaka ni mbali."