Namba Iliyotoka kwa Walinzi

Jumapili, saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la fundi simu, mtaa wa Remansito, Ciudad del Este, Paraguay. Dirisha hakuna. Mlango mmoja, wa kutokea nyuma ya duka. Feni moja inazunguka kama imelazimishwa. Watu sita, na chini ya meza seva inayovuma na kutoa joto kuliko wote sita.

Don Crispín alichora kwa kidole kwenye vumbi la meza.

"Galería hii hapa, jengo lote la maduka. Ghala la simu ghorofa ya tatu. Saa nane mchana mji mzima uko kwenye asado, nyama choma, na mpira, hakuna wa kutuangalia. Mimi na mapacha tunapanda. Derlis unangoja na lori kituo cha mafuta. Karumbe unabaki hapa na binti."

Karumbe alikuwa akimimina maji ya barafu kwenye kikombe cha tereré, chai yao ya baridi. Jitu zima, shingo hakuna. "Nabaki kumlinda?"

"Kumlinda asitoke."

Mapacha wakacheka. Zunilda, binti mwenyewe, hakucheka. Akamwangalia mdogo wake Derlis, na Derlis akaangalia viatu vyake.

Yaani hawa ndugu wawili walikuwa wamenasa, wee acha tu. Derlis ndiye aliyeanza, alikuwa dereva wa Don Crispín. Siku moja akaropoka kwamba dada yake anasomea kompyuta chuo kikuu. Kesho yake Don Crispín yuko mlangoni kwao na mikate ya chipa ya moto mkononi, anamwita "binti yangu". Sasa ameahidi: kazi hii moja, halafu mnakwenda zenu. Aliahidi mara ya kwanza pia.

Na kazi ya Zunilda ilikuwa ukurasa.

Unajua zile tovuti ukizifungua zinakwambia anwani yako ya IP, ile namba unayoingilia mtandaoni, na uko mji gani, kwa kampuni gani? Ndiyo hiyo. Unaweza pia kuandika jina la tovuti ukapewa namba yake, au namba ukapewa jina lililo nyuma yake. Don Crispín aliitaka kwa ajili ya kuita majina. Mwaka jana mwenzao Nery alisema yuko darajani, kumbe yuko kituo cha polisi anauza wenzake. Nery alitupwa mtoni Paraná. Tangu hapo, kabla ya kazi yoyote, kila mtu anafungua ukurasa kwa simu yake, na Zunilda anasoma nani yuko wapi.

Tovuti za watu baki Don Crispín hakuzitaka. "Ukiwauliza wao, wanaandika nani kauliza." Basi Zunilda akashusha programu ya bure, msimbo uko wazi kwa yeyote, akaisimika mwenyewe kwenye mashine yao. Wiki ya kwanza kila aliyefungua alipewa namba ya seva yenyewe, kwa sababu mbele yake kulikuwa na programu nyingine inayopokea wageni, na ukurasa ukadhani mgeni ndiye huyo bawabu.

"Don," pacha mmoja akasema siku ile, "kumbe sote tunaishi chini ya meza!"

Akarekebisha. Ikafanya kazi vizuri mno.

Saa saba na nusu mchana.

Joto la kukaanga yai ukutani. Nje hakuna hata pikipiki. Karumbe amefunga mlango kwa funguo, chuma chake, bastola, juu ya paja. Namba zikaanza kuingia kwenye skrini. Don Crispín: simu ya mkononi, Ciudad del Este. Pacha wa kwanza, wa pili: sawa.

Ya Derlis ikaingia.

Haikuwa namba ya kampuni ya simu. Ilikuwa ya mtandao wa ofisi, ule wa waya. Vidole vya Zunilda vikaenda vyenyewe. Akainakili, akauliza: jina gani liko nyuma yake? Ukurasa ukajibu papo hapo, bila huruma. Jina la kampuni ya ulinzi. Walinzi wa galería ile ile.

Mdogo wake amekaa ofisini kwa walinzi.

"Mbona umemeza mate?" Karumbe akauliza.

"Joto."

"Kunywa basi." Akamsogezea tereré. Mkono wake mwingine haukuacha chuma.

Simu ikalia. Don Crispín. Karumbe akaiweka sauti ya juu.

"Soma, binti yangu."

"Wewe uko sawa, Don. Mapacha sawa."

"Na dereva?"

Akisema kweli, Derlis hafiki jioni. Akidanganya, watu watatu wanapanda ngazi na polisi wanawangoja juu. Akajaribu katikati.

"Don, leo mtandao unasumbua. Tuahirishe hadi Jumapili ijayo."

"Unasumbua vipi? Nani hajafika?"

Feni. Karumbe ameinua uso.

"Wote wamefika," Zunilda akasema. "Derlis yuko kituo cha mafuta."

"Safi. Tunapanda."

Saa nane.

Hakuna simu. Hakuna ujumbe. Karumbe anatafuna barafu, krap, krap. Zunilda anahesabu vigae vya ukuta, anapotea, anaanza upya.

Halafu simu yake mwenyewe ikatetemeka. Karumbe akainyakua, akatazama jina, akabonyeza sauti.

"Dada!" Derlis, anahema. "Toka hapo. Imekwisha, polisi wamewakamata wote ngazini. Walinzi walinidaka Alhamisi, dada, walikuwa wanajua kila kitu. Nikawaambia nitasema yote ila wewe. Jina lako sikulitaja. Chumba sikukitaja. Nimekutoa, unasikia?"

Karumbe hakusogea. Jasho linamshuka kidevuni.

"Derlis," Zunilda akasema polepole. "Ukurasa uliufungua kwa mtandao wa nani?"

"Wa hapa ofisini. Bando lilikata. Mlinzi mmoja akanipa nenosiri. Ningefanyaje? Nisingefungua, Don angestuka."

"Kwa hiyo wameona jina la ukurasa."

"Sasa jina tu litawasaidia nini? Si uko kwenye wingu huko, sijui Ujerumani?"

Zunilda akafumba macho. Kukodi mashine ya nje kulitaka kadi, na kadi inataka jina la mtu, na Don Crispín hakutaka jina la mtu. Basi seva ikawekwa humu humu, kwa laini ya duka. Maana yake yeyote anayeuliza lile jina liko kwa namba gani anapewa namba ya duka. Na kampuni ya mtandao, polisi wakiiuliza, inatoa mtaa na nyumba. Yeye alilijua hilo siku zote. Ila nani angeuliza? Waliojua jina ni wao sita tu.

"Derlis. Mashine iko hapa. Iko miguuni kwangu."

Upande wa pili ikaja sauti ndogo, ya mtoto kabisa: "Hukuniambia."

"Hukuuliza."

Kwenye skrini mgeni mpya akaingia. Namba ile ile ya walinzi. Ameandika namba moja kwenye kisanduku cha kutafutia, na Zunilda aliijua kwa moyo. Namba ya chumba hiki. Ukurasa wake mwenyewe, mtiifu, ukamjibu mgeni: Paraguay, Ciudad del Este, na jina la kampuni ya mtandao.

Zunilda akachomoa waya wa umeme. Mvumo ukakata. Na ndipo, kwa mara ya kwanza siku nzima, wakasikia mtaa, na Zunilda akajua kampuni imeshawajibu polisi: milango ya gari inafungwa taratibu, viatu juu ya bati, mtu anajaribu kitasa cha duka kule mbele.

Karumbe akasimama. Alijaza chumba.

"Ulijua tangu saa saba na nusu."

"Ni mdogo wangu, Karumbe."

"Mapacha ni wapwa zangu."

Hakuwa na hasira, hicho ndicho kilichotisha. Akatoa funguo mfukoni, akafungua mlango wa nyuma wa duka. Akamshika Zunilda begani, akamgeuza, akamweka mbele yake awe ngao, kama mtu anayesogeza kabati. Chuma kikagusa mgongo, cha moto kwa joto la paja lake.

Kule mbele chuma cha mlango kikapinda.

"Mdogo wako alisema amekutoa," Karumbe akasema. "Haya. Toka. Tangulia."