Moshi Ulioishia Kifuani

Pasipofuka moshi ndipo penye moto. Wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakupata kupanga chumba kwenye ghorofa ya kumi na nne nyuma ya Barabara ya Huanshi, ambako kengele ya moshi hulia hata mtu akiunguza kitunguu.

Kengele ya chumba hiki haikuwa imelia. Aloyce Lyakurwa alikuwa amelala kifudifudi kati ya kitanda na dirisha. Vidole vyake vilikuwa bado vimeng'ang'ania pazia. Midomo ilikuwa ya buluu. Kola ya shati ilikuwa imechanwa na kucha zake mwenyewe.

Inspekta Agripina Msofe alichuchumaa kando ya maiti. Hakuwa kazini kwao Tanzania. Alikuwa Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, akichukua shahada ya uzamili katika sayansi ya jinai. Kila mara Kapteni Liang wa polisi wa wilaya alipopata maiti au mtuhumiwa anayesema Kiswahili, alimpigia simu yeye.

"Bangi," Liang alisema kwa Kiingereza chake kikavu, akionyesha mezani. "Amevuta, amekufa. Mwenzake ndiye aliyempa. Kesi imekwisha."

Mezani palikuwa na kifaa cheusi kinachotosha kiganjani, chenye mdomo wa kioo. Kando yake palikuwa na kopo la chai.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Ukumbini. Saa kumi na mbili jioni nampeleka kitengo cha dawa za kulevya. Akishaingia kule, mimi sina sauti tena."

Agripina alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Shedrack, mfanyabiashara wa viatu aliyepanga na marehemu chumba hicho, alikuwa amekaa sakafuni na pingu mikononi. Ndiye aliyerudi kutoka mji jirani wa Foshan asubuhi hiyo, akafungua mlango, akamkuta, akapiga simu polisi. Alipomsikia Agripina akisema Kiswahili, machozi yalimtoka.

"Afande, mwambie huyu mzee mimi nauza viatu! Mtu anapiga simu polisi mwenyewe, halafu anafungwa pingu? Si bora ningekimbia?"

"Ungekimbia ungekamatwa stesheni. Nijibu. Ile bangi ya nani?"

"Yake. Aliangukiwa na maboksi bohari, mgongo ukaharibika. Vidonge vilimshinda. Mimi nilimwambia, Aloyce, nchi ya watu hii, utatuponza. Akasema hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna kesi."

"Hakuna moshi kivipi?"

"Kile kifaa hakichomi. Kinapasha majani joto kwa kiasi, dawa inatoka kama mvuke, unavuta huo mvuke. Ndiyo biashara yake, afande. Anawauzia wagonjwa wanaojitibu nyumbani na hawawezi moshi. Na yeye mwenyewe ana pumu. Moshi wa sigara tu unamlaza."

"Pumu," Agripina alirudia. "Pampu yake iko wapi?"

"Mfuko wa shati. Hata akienda chooni anayo."

Agripina alirudi ndani. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu. Alipekua chini ya kitanda, nyuma ya friji, ndani ya viatu. Alipata boksi la pampu, tupu. Pampu yenyewe haikuwepo.

Alivaa glavu akafungua kopo la chai. Ndani mlikuwa na mabaki ya majani ambayo Aloyce alikuwa ameshayatumia. Yote yalikuwa ya kahawia, makavu, yamekaa kama majani ya chai yaliyoanikwa. Hayakuungua.

Kisha akafungua kijungu cha kifaa. Mlikuwa na jivu jeusi. Harufu ya plastiki iliyoyeyuka ilimpiga puani.

"Kapteni, njoo uone. Huyu mtu kwa miezi hakuwahi kuunguza jani hata moja. Jana kaunguza. Hiki kifaa si chake."

"Kengele haikulia."

"Isingelia. Moshi wote uliishia kifuani mwake."

Liang alitoa kijitabu chake mfukoni, na hilo Agripina alilijua: alikuwa ameanza kusikiliza.

Nje kifaa kilikuwa safi, hakina mkwaruzo. Agripina alibandua kifuniko cha betri kwa ncha ya kibano. Ndani ya kifuniko, kwa wino mweupe wa kalamu nene, palikuwa pameandikwa TKY 1/1. Kando ya maandishi palikuwa na tiki nyekundu.

Saa sita mchana uchunguzi wa maiti ulithibitisha. Njia za hewa zilikuwa zimevimba na kuziba, na masizi yalishuka hadi ndani ya mapafu. Alikufa Jumapili, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri. Saa hizo Shedrack alikuwa Foshan, lakini Liang alitikisa kichwa.

"Hilo linamtoa kwenye kifo. Halimtoi kwenye bangi. Nipe mtu mwingine."

"Kamera ya lifti?"

"Watu ishirini na saba walishuka ghorofa ile jana. Nusu ni wateja wake."

Agripina alichukua picha ya maandishi yale akaenda Jengo la Tianxiu. Ghorofa ya tatu, katikati ya marobota na mikanda ya plastiki, alimkuta Bi Swalha wa Tanga, aliyekuwa akifungasha mizigo ya Watanzania tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea, umekanyaga mzigo wa watu."

Agripina alimwonyesha picha. Bibi aliisogeza simu mbali na macho, kisha karibu.

"Afande mzima hujui marka? Huko chuoni mnafundishwa nini, kupiga saluti?"

"Nifundishe wewe, bibi."

"Kila mtu ana marka yake. Ukiiandika nje ya boksi, wajanja wanabadilisha kitu ndani. Kwa hiyo watu wetu wanaandika ndani, mahali pa siri. Vitu vya betri tunaandikia kifunikoni, kwa sababu ndege haipokei mpaka betri itolewe. TKY ni Tukuyu. Moja kwa moja, maana yake kimekwenda kimoja tu, hakina mwenzake."

"Na tiki nyekundu?"

Swalha alishusha mkanda aliokuwa ameushika.

"Hiyo si ya kwetu. Sisi tunapiga ya bluu. Nyekundu ni ya Dar, wakisharudisha betri na kumkabidhi mwenyewe. Hiki umekipata wapi?"

"Hapa hapa mtaani, Xiaobei."

"Haiwezekani. Mzigo unakwenda nyumbani, mwanangu, haurudi. Sijaona uliorudi. Ukiuona huku, ujue kuna mtu kaubeba kwa mkono wake."

"Nani hapa ni wa Tukuyu?"

Bibi aligeuza uso dukani kwake, kana kwamba anatafuta pa kuuficha.

"Usinifanye mimi nimseme yule mtoto. Amefiwa na mama yake mwezi wa tatu. Tulimsomea dua hapa hapa, Waislamu na Wakristo. Alikwenda kuzika, karudi wiki iliyopita."

"Jina, bibi."

"Flavia," alisema taratibu. "Mkalimani wa Aloyce, na mwanakwaya wa kanisani."

Agripina alimpigia Liang. Dakika kumi baadaye jibu lilikuja: katika ile kamera ya lifti, mtu wa kumi na tisa alikuwa msichana mwenye kitenge na hotipoti. Alipanda saa nane na nusu. Alishuka saa kumi na nusu.

Agripina na polisi walimkuta Flavia eneo la Liuhua, kwenye soko la nguo za jumla, akimtafsiria mama mmoja wa Kahama aliyetaka magauni. Msichana mwembamba, miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa uhandisi. Alimwambia mwenye duka kwa Kichina kwamba bei ni ghali mno, akamgeukia mama kwa Kiswahili, akamwona Agripina na sare za polisi nyuma yake.

"Mama, mwambie laobani, huyu mwenye duka, akupunguzie tena kidogo," alimwambia mteja wake. "Anapunguza huyu. Mimi naitwa."

Kituoni walimketisha mbele ya kinasa sauti. Liang alikaa pembeni. Ilikuwa saa kumi kamili.

"Flavia Mwakalukwa. Unajua kwa nini uko hapa?"

"Aloyce amekufa."

"Nani amekwambia?"

"Xiaobei nzima inajua, dada."

"Jana saa nane na nusu ulikwenda kwake."

"Nilimpelekea wali na maharage. Kila Jumapili nampelekea."

"Ulikaa saa mbili."

"Tulikula."

"Hukwenda ibadani, na wewe ni mwanakwaya."

"Nilichelewa."

Agripina alisukuma mezani mfuko wa vielelezo. Kile kifaa cheusi kilikuwa ndani, kifuniko cha betri kimegeuzwa juu.

"Huu mwandiko wa nani?"

Flavia alitazama. Uso haukubadilika, ila mikono iliteremka chini ya meza.

"Wangu."

"Ulikipeleka Tukuyu. Nani alikirudisha?"

Flavia alitazama kinasa sauti.

"Mdogo wangu, kuna mtu anaitwa Shedrack. Saa kumi na mbili anapelekwa kitengo cha dawa za kulevya. Unaijua nchi hii kuliko mimi. Unajua atarudi lini?"

"Shedrack hajafanya kitu."

"Basi nani kafanya?"

Flavia aliinua kichwa.

"Ningeweza kuufuta ule wino," alisema. "Spiriti kidogo tu. Nilikirudisha mwenyewe kutoka msibani, nikakaa nacho siku tatu. Ni mimi niliyeandika, na mama alikuwa bado yu hai nilipokuwa naandika. Nilishindwa."

"Anza mwanzo."

"Mama alikuwa na saratani ya mifupa. Morfini ya maumivu ilikuwa inafika Tukuyu siku inayotaka. Mjomba akawa anamletea bangi ya tiba kutoka Malawi, kwa kujificha. Ilimsaidia. Alikuwa analala. Lakini mapafu yalikuwa yameshachoka, daktari akasema moshi hapana, moshi utammaliza. Nikamwambia Aloyce, kwa sababu nilimtafsiria kiwandani vinakotengenezwa hivi vifaa tangu siku ya kwanza. Vile vya mwanzo vilikuwa vizuri, nilivijaribu mwenyewe kwa kipimajoto. Alichokuwa anavuta yeye kilikuwa cha mzigo ule."

"Halafu?"

"Halafu akataka bei ishuke. Laobani wa kiwanda akasema haishuki bila kutoa kidhibiti joto ndani. Aloyce akaniambia, mwambie atoe, hivi ni vya maonyesho, vya kuweka kabatini tu. Nikatafsiri. Mimi, kwa mdomo huu. Nje vilifanana kabisa. Alitaka vifanane."

"Kimoja akakupa wewe."

"Bure. Akasema, mpelekee mama, zawadi yangu. Alikuwa na vizima saba kabatini, dada. Saba. Akatoa kwenye boksi la vile vingine."

Liang aliuliza jambo kwa Kichina. Flavia alimjibu moja kwa moja, bila kumsubiri Agripina, kisha akaendelea.

"Dada yangu ndiye aliyemshikia kifaa. Mama akavuta mara tatu. Kikapanda moto, plastiki ikayeyuka ndani, ukatoka moshi mweusi. Mama hakuwa na nguvu ya kusukuma mkono wa mtu. Dada alidhani anakohoa kwa sababu dawa inafanya kazi. Akamwambia vumilia, mama, vuta tena."

Agripina aliacha kuandika.

"Uliporudi ulimwambia Aloyce?"

"Nilimwambia kabla ya mazishi, kwa simu. Akasema, mgonjwa alikuwa wa kufa tu, Flavia, usitafute mchawi. Nikamuuliza vile vingine viko wapi. Akasema vimeshauzwa, Mbeya, Iringa, Songea. Kwa wagonjwa. Nikamwomba awapigie simu wanunuzi wavitupe. Akacheka. Akasema, meiyou, hakuna cha kurudisha."

"Jana?"

"Tulikula. Alikwenda kunawa. Nikachukua kifaa chake mezani, nikaweka cha mama. Pampu aliiacha kwenye shati kitini, nikaichukua. Akarudi, akavaa shati, akajaza majani yake, akavuta. Hakujua. Aliyevifananisha ni yeye, na hakujua."

"Alipoanza kubanwa?"

"Alipapasa mfuko. Akaniangalia. Nikamwambia, vumilia, vuta tena."

"Ungeweza kumpa pampu."

"Ilikuwa mkononi mwangu."

Alifungua mkoba wake. Alitoa pampu ya buluu akaiweka mezani. Pembeni yake akaweka kifaa cheusi, pacha wa kile kilichokuwa kwenye mfuko wa vielelezo. Liang alivisogeza kwa ncha ya kalamu, akavitazama; bila ule mfuko na ule wino, asingejua kipi kiliua.

Aliandika karatasi moja akaitia muhuri. Saa kumi na moja na nusu Shedrack alifunguliwa pingu ukumbini. Sauti yake ilisikika hadi ndani, akiuliza kama kweli anaweza kwenda, akiuliza mara ya pili.

"Flavia," Agripina alisema. "Nitaandika taarifa leo hii kwa polisi wa Mbeya, Iringa na Songea. Vile vifaa vitatafutwa kimoja kimoja."

"Asante, afande."

Ilikuwa mara ya kwanza asimwite dada.

Liang aliinama mbele. Safari hii alisema polepole, na Agripina akatafsiri, ingawa hapakuwa na haja.

"Anasema maelezo haya watasomewa wazazi wa Aloyce. Wazee, wako Rombo, hawakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Anasema ukiwaomba radhi sasa, kwa maandishi, hakimu ataliona. Linaweza kukupunguzia. Na mimi nakushauri hivyo hivyo, kama mdogo wangu."

Alimsogezea kalamu na karatasi tupu.

Flavia aliirudisha karatasi ilikotoka. Alisema kwanza kwa Kichina, akimtazama Liang usoni. Kisha akamgeukia Agripina.

"Nimetafsiri maneno ya watu kwa miaka mitatu. Haya ni yangu. Wazee wale nawaonea huruma, na siku wakitaka kuniona, nitakaa mbele yao wanitemee mate. Lakini radhi siombi. Sitaomba kesho, wala mahakamani, wala nikifa. Andika hivyo, afande."

Agripina akaandika hivyo.