Karatasi Mbili Zisizo na Uzi

Safari hii naanza mwanzo kabisa. Mara ya kwanza nilipoisimulia habari hii nilianza katikati, na nusura mtu asiye na hatia afukuzwe kwa sababu yangu. Kwa hiyo tulieni, msinikatize.

Jina langu ni Zuleika, nina miaka kumi na mitatu, na kwetu ni Bwaise, karibu na mfereji. Kila Jumamosi kazi zangu ni zilezile: nafagia, naosha vyombo, nampikia uji mdogo wangu Nasur mwenye miaka minne, kisha nafua sare yangu ya shule. Taabu yangu ni soksi. Shuleni wanataka soksi nyeupe, na Bwaise mvua ikinyesha, matope yanakufuata mpaka kitandani. Soksi zangu zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Jumamosi hiyo Mama alikwenda Kibuli kumtazama shangazi yangu aliyejifungua. Baba, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa safarini.

"Zuleika," Mama alisema akiwa mlangoni, "huyu mtoto asitoke machoni pako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Jirani yetu wa chumba cha pili ni Vera, dada anayefua nguo za watu. Jiki yake, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe, huiweka barazani kwake, juu kabisa ya rafu, kwenye chupa yake yenyewe. Mchana ule Vera alikuwa amekwenda kurudisha nguo za watu. Nilipanda juu ya ndoo, nikaiteremsha jiki, nikamimina kiasi kwenye chupa tupu ya soda, nikairudisha chupa yake palepale. Sikuomba, wala sikukusudia kusema. Soksi zilipokwisha kulowa, jiki iliyobaki niliiacha kwenye ile chupa ya soda, sakafuni, karibu na mlango wetu.

Nasur alilala. Rafiki yangu Farhana akapita mbio.

"Zuleika, twende kwenye kibanda! Kuna filamu mpya. Dakika kumi tu!"

Kibanda chetu ni nyumba ya mabati wanamoonyesha filamu. Anasimama humo kijana tunayemwita vijei, ameshika maikrofoni, anatafsiri kila neno kwa Kiganda na kuongeza ya kwake. Filamu ilianza na mtu anayekimbia kwenye mvua, mkono unamtoka damu. Sote tukapiga kelele. Mara tukamwona mtu yuleyule amekaa na kaka yake, anakunywa chai, mkono mzima.

"Msimlilie bado!" vijei akapaza sauti. "Sasa tunarudi nyuma, mjue huyu mjinga alifanya nini!"

Tulicheka sana. Dakika kumi zikawa saa nzima.

Niliporudi, Nasur alikuwa amekaa sakafuni na chupa ya soda mkononi. Mdomo ulikuwa na povu, naye alikuwa analia bila sauti. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi. Vera alikuwa ndiyo kwanza anarudi. Alitupa beseni lake, akainusa ile chupa, akamnyakua mtoto. Jirani mmoja akasema atiwe kidole atapike.

"Hapana!" Vera akafoka. "Ikirudi juu itamchoma tena!" Akasimamisha boda boda, akapanda na Nasur kifuani, wakaenda hospitali.

Jioni uani palijaa watu. Mama alikuwa ametoka hospitali kuchukua nguo za mtoto, macho mekundu. Hajati Safinah, mwenye nyumba, akaniuliza ilikuwaje.

"Nilimkuta Nasur analia," nikasema. "Alikuwa ameshika chupa ya soda. Ndani yake mlikuwa na jiki. Nikapiga ukelele, Vera akaja."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nilianza na kilio, na kilio kiliwashika wote. Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi kabla yake.

"Nani ana jiki katika ua huu?" akauliza Hajati.

Vichwa vyote vikamgeukia Vera.

"Jiki yangu iko kwa chupa yake!" Vera alisema. "Njooni muone kule kwa rafu!"

Hakuna aliyekwenda. "Kumbe ni wewe!" Mama alimwambia. Hajati akampa Vera mpaka Ijumaa awe amehama. Nami nilikuwa nimesimama palepale, mdomo nimeufunga.

Baada ya hapo sikuhisi kitu. Nasur alirudi Jumanne, sauti imekauka, anakunywa maziwa baridi tu; nilimshikia kikombe, nikaona mkono wangu kama ni wa mtu mwingine. Nilikula, nililala, nilikwenda shule. Watu waliacha kumpa Vera nguo za kufua. Tulipokutana bombani alinisalimu, nami nikaitikia, nikachota maji yangu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jumatano Mwalimu Ogwal, anayetufundisha Kiswahili, aliingia darasani na kamba mbili na vibanio vya nguo. Akazifunga kamba ukutani, moja juu, nyingine chini.

"Kamba ya juu ni jinsi tulivyosimuliwa," alisema. "Kamba ya chini ni jinsi mambo yalivyotokea. Nani ametazama filamu hivi karibuni?"

Farhana akanyoosha mkono, akaitaja ileile ya mtu wa mkono wenye damu. Tuliandika kila tukio kwenye karatasi mbili, moja tukaibana juu, nyingine chini. Kisha mwalimu akatoa uzi mwekundu, tukafunga kila karatasi ya juu na mwenzake wa chini. Kule kukimbia kulikuwa kwa kwanza juu, lakini chini kulikuwa kwa tano, basi uzi wake ukakata mshazari mbele ya nyuzi nyingine zote. Darasa likacheka.

"Mwalimu, kwa hiyo walitudanganya?" akauliza Farhana.

"La. Msimulizi ana ruhusa ya kuanza popote, ilimradi arudi. Tazama, kila karatasi ya chini ina uzi. Hakuna alichotuficha." Akatuagiza kila mmoja atengeneze ya kwake nyumbani, kwenye daftari, kwa jambo lililotokea kwao.

Sijui kwa nini niliandika lile. Mkono uliandika, mimi nikautazama. Juu nilichora karatasi nne, zile nilizomwambia Hajati. Chini zikaja sita. Nne nikaziunganisha. Mbili zikabaki.

Alhamisi wakati wa mapumziko Mwalimu Ogwal aliniita. Daftari langu lilikuwa wazi mbele yake, kidole kimesimama kwenye karatasi ya kwanza ya chini.

"Hii haina uzi," alisema. "'Nimechukua jiki ya Vera bila kuomba, nikaitia kwenye chupa ya soda.' Na hii nyingine. 'Nimemwacha Nasur peke yake, nikaenda kwenye kibanda.' Umesahau kuziunganisha?"

"Hapana, Mwalimu. Hazijasimuliwa."

Nilidhani ataniadhibu, na hata hilo halikunitisha.

"Huyo Vera yuko wapi sasa?"

"Anahama kesho."

Mwalimu alifunga daftari, akanirudishia. "Basi mimi si mtu wa kwanza aliyepaswa kusoma haya, mwanangu. Ukitoka hapa nenda nyumbani moja kwa moja."

Saa kumi na moja jioni nilimkuta Vera barazani anafunga godoro lake kwa kamba. Mama alikuwa anaanika nguo. Baba, aliyerudi mchana ule, alikuwa amempakata Nasur, na Hajati Safinah alikuwa amekuja kutazama chumba kinachoachwa. Nilifungua daftari nikasoma karatasi zote sita, kuanzia ya kwanza. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma majina ya wanafunzi.

Vera aliiachia kamba.

"Siku tano," alisema. "Siku tano unanipita kwa bomba, unaniitikia salamu. Mimi huyo mtoto alinishika shingo mpaka hospitali!"

Nilifunga daftari.

Mama alikuja polepole, nguo mbichi bado mkononi. Nilingoja kofi. Alinipita, akapiga magoti mbele ya Vera, yeye Mama Zuleika, mbele ya msichana anayeweza kuwa binti yake.

"Nisamehe, Vera. Uliniokolea mwana, nikakulaumu bure."

"Simama, Mama, bambi, tafadhali! Usinifanyie hivyo."

"Fungua godoro lako," Hajati alisema, macho chini. "Nami nisamehe. Nilipaswa kwenda kutazama ile rafu."

"Nitakaa," Vera akasema, kisha akanigeukia. "Lakini wewe usinizungumzishe kwanza. Ngoja hasira ipungue."

Baba akampa Mama mtoto, akanishika mkono. "Kuna milango minane katika ua huu," alisema. "Yote iliusikia ule uongo wako."

"Baba, sikusema uongo. Nilinyamaza tu."

"Ulinyamaza ili wao waseme uongo badala yako. Twende."

Tulianza na mlango wa kwanza. Nilisimulia yote sita kwa mpangilio. Mlango wa pili, vivyo hivyo. Kwa mlango wa sita anakaa bibi mmoja kiziwi kidogo, akaniambia, "Sema kwa nguvu, sikusikii." Nikasema kwa nguvu, "Nilimwacha Nasur peke yake!" Hapo ndipo nilipojisikia mwenyewe. Nikaona angeweza kufa, kweli kufa, na Vera angekuwa barabarani na godoro lake. Nikakaa chini palepale mlangoni. Nililia mpaka kamasi, wala sikuona haya.

Baba alichuchumaa karibu yangu, akaningoja.

"Sikiliza, Zuleika," alisema. "Kuanza katikati si kosa. Hata kuogopa si kosa. Kosa ni kuona mwenzako anateswa na sehemu uliyoiruka, nawe ukakaa kimya. Mtu akikosea arudi nyuma mapema aseme yote, tena aseme mwenyewe. Na jiki haiwekwi kwenye chupa ya kinywaji, wala huchukui cha mtu bila kuomba. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Basi jifute uso."

Nilijifuta kwa mkono wa sare. Akagonga mlango wa saba.